Viwanda vya Kilosa vipime ethi kiangazi

Muulize meneja wa kiwanda kuhusu ethi, yaani njia ya kupeleka umeme ardhini, na mara nyingi atakuonyesha fimbo ya shaba iliyopigiliwa nyuma ya ukuta pamoja na cheti cha siku mtambo ulipowashwa. Kwa umeme wa msongo wa kati, hivyo viwili havitoshi.

Kilosa ina umeme mwingi mzito. Treni ya SGR inapita wilayani kwa umeme wa kilovoti 25. Mitambo ya Kidatu, kusini mwa Mikumi, ina uwezo wa megawati 204. Viwanda navyo vipo: Ruembe kuna kiwanda cha sukari, na Kimamba kuna historia ndefu ya mkonge. Kiwanda kinachopokea msongo wa kati, yaani kilovoti 11 au 33, huuingiza umeme huo ndani ya jengo, kwenye chumba cha swichi ambamo mafundi huingia kila siku. Baada ya mita ya TANESCO, usalama wa chumba hicho ni wa mwenye kiwanda.

Hesabu yake ni nyepesi. Kebo ikipasuka, ampea 300 zikakimbilia ardhini kupitia ethi ya omu 5, vyuma vyote vilivyofungwa kwenye ethi hiyo hupanda hadi volti 1,500. Fundi aliyeshika mlango wa paneli huku bega limeegemea bomba la maji lisilounganishwa na ethi hiyo ndiye atakayepitiwa na umeme huo. Ndiyo maana paneli, bodi ya transfoma, trei za kebo, mabomba na nguzo za chuma za jengo lazima vifungwe pamoja kwenye ethi moja. Vikipanda, vipande pamoja. Mtindo wa kuchimbia kila mtambo ethi yake ya pekee ukome.

Kasoro zenyewe huonekana kwa macho. Waya wa ethi umekazwa kwa bolti juu ya rangi, na rangi haipitishi umeme: ikwanguliwe mpaka chuma king'ae. Mlango wa paneli unategemea bawaba zenye kutu: ufungiwe mkanda wa shaba unaonyumbuka, kutoka mlangoni hadi kwenye fremu. Ganda la shaba la kebo limekatwa na kuachwa likining'inia mwisho wa kebo: lifungwe kwenye ethi, la sivyo kebo yenyewe huwa hatari kuigusa.

Kisha kuna suala la msimu. Udongo wenye maji hupitisha umeme vizuri. Ukikauka, ukinzani hupanda. Anayepima ethi wakati wa masika, bonde la Mkondoa likiwa limelowa, hupata namba nzuri zisizomlinda mtu mwezi Septemba. Vipimo vifanyike kiangazi, ardhi ikiwa imekauka, na majibu yaandikwe kwenye daftari ili mwaka ujao yalinganishwe. Tena mpimaji asiishie kwenye fimbo: apime pia muunganisho kati ya chuma na chuma ndani ya chumba. Shaba huibwa, na waya uliokuwepo mwaka jana huenda leo haupo.

Wakaguzi wa OSHA wanapofika kiwandani waombe daftari hilo, na cheti cha zamani kisikubaliwe kuwa jibu. EWURA, inayotoa leseni za mafundi wa umeme, ihakikishe kazi ya msongo wa kati haiangukii kwa fundi aliyezoea kufunga taa za nyumba. Chuo cha VETA kipo hapo hapo Mikumi. Viwanda vipeleke mafundi wao wakanolewe katika upimaji wa ethi.

Mkanda wa shaba, bolti safi na siku moja ya vipimo ni gharama ndogo kwa kiwanda chochote chenye transfoma yake. Mwenye kiwanda ambaye hajapima tangu mtambo uwashwe asingoje mkaguzi. Apime kiangazi hiki.