Gauni la 1950 Lililoshonwa Mwaka Huu: Majibu kwa Wanaolidharau

Mwanamke akisema anatafuta gauni la mtindo wa miaka ya 1940 au 1950 lililoshonwa leo, jipya, la kuvaa kazini na kwenye sherehe, hakosi wa kumkosoa. Ataambiwa anapoteza pesa. Ataambiwa anavaa kitu bandia. Ataambiwa akatafute la kweli mitumbani, na asipolipata basi anyamaze. Nguo hizi nazipenda na nazivaa, na nimeona wenzangu wakikata tamaa kwa maneno ambayo hayakustahili kusikilizwa. Nitayajibu, ingawa si yote yana uzito mmoja: mengine yanaisha kwa sentensi mbili, mengine yana ukweli ndani yake ambao lazima ukubaliwe kwanza.

Linalosemwa sana ni hilo la kwamba nakala ni bandia. Kitu bandia ni kile kinachojificha, kama mkoba wenye jina la kampuni ambayo haikuushona. Gauni lililokatwa kwa mtindo wa 1947, likiwa na lebo ya aliyelishona mwaka huu, halimdanganyi mtu. Tena kunakili ndiko kulikoijenga sehemu kubwa ya biashara ya mavazi ya wakati ule. Katika miaka ya 1950 duka la Ohrbach's la New York lilinunua mitindo kutoka nyumba za mavazi za Paris, likashona nakala zake mshono kwa mshono, na kuziuza hadharani kama nakala. Mwenye gauni la namna hiyo leo analiita la asili, na ana haki. Ila lilitoka kiwandani likiwa nakala.

Mfano ninaoupenda kuliko yote ni gauni la harusi la Jacqueline Bouvier, aliyeolewa na John Kennedy Septemba 1953. Lilishonwa na Ann Lowe, mwanamke mweusi kutoka Alabama ambaye bibi yake, mshonaji pia, alikuwa amewahi kuwa mtumwa. Siku 10 kabla ya harusi bomba la maji lilipasuka katika karakana yake, likaharibu gauni hilo pamoja na mengi ya wasindikizaji wa bibi harusi. Lowe na wasaidizi wake walianza upya, wakamaliza kwa wakati, na hasara akaibeba mwenyewe. Gauni hilo limehifadhiwa katika maktaba ya Kennedy mjini Boston, na hariri yake imedhoofika kiasi kwamba haliwezi tena kusimamishwa mbele ya watu. Mwaka 2023 jumba la makumbusho la Winterthur, huko Delaware, lilipoonyesha kazi za Lowe, lililosimama pale lilikuwa nakala. Katya Roelse wa Chuo Kikuu cha Delaware alilichunguza la asili, kisha akashona jingine. Waliotaka kuona jinsi Lowe alivyoizungusha ile mikunjo ya sketi waliiona kwenye nakala, kwa sababu kitambaa cha asili kilikuwa kimechoka. Sijui nani angethubutu kuiita kazi ile bandia.

Na hapo hapo nalijibu swali zito zaidi: kwamba kuvaa mitindo hii ni kutukuza enzi za ubaguzi huko Marekani na za ukoloni huku kwetu. Swali hili silipuuzi. Lakini mitindo ile haikuwa mali ya wabaguzi. Ni kazi ya mikono ya Ann Lowe, na ya Zelda Wynn Valdes, aliyefungua duka lake la mavazi Broadway, New York, mwaka 1948. Ni mavazi ya wanawake wa Mombasa, Nairobi na Dar es Salaam waliokwenda studio kupiga picha wakiwa na gauni la kiuno na sketi pana, mengi yakiwa yameshonwa na fundi wa mtaani. Dandy Wellington, kiongozi wa bendi wa New York ambaye ni mtu mweusi na huvaa mitindo ya zamani kila siku, amelisema vizuri kwa kutenganisha mambo mawili: mtindo wa zamani anauchukua, maadili ya zamani anayaacha. Nami nasimama hapo.

Kuna wanaoshikilia kwamba zamani kila nguo ilikuwa ya pamba, sufu au hariri, na kwamba nakala za leo ni plastiki tupu. Nusu ya pili mara nyingi ni kweli, na inakera. Nusu ya kwanza si kweli. Kampuni ya Courtaulds ilianza kutengeneza viskosi mjini Coventry, Uingereza, mwaka 1905, na magauni mengi sana ya miaka ya 1930 na 1940 yalikuwa ya krepu ya rayoni (viskosi ni aina yake), yaani nyuzi zinazotengenezwa kiwandani kutokana na miti. Soksi za nailoni ziliingia madukani Marekani nzima Mei 1940. Kwa hiyo anayekataa gauni la viskosi eti si la asili, analikataa kwa kosa ambalo bibi wa mwaka 1942 asingeliona. Krepu nzuri ya viskosi inaanguka mwilini kwa uzito ule ule unaouona kwenye filamu za wakati huo. Kitu cha kuogopa ni maji, kwa sababu rayoni ikilowa hudhoofika na inaweza kuruka, basi ifuliwe kwa mkono taratibu, isikamuliwe kwa kusokotwa.

Ninachokikataa mimi ni nyuzi za kuvutika katika gauni linalodai kuwa la miaka ya 1940. Elastini ilivumbuliwa katika kampuni ya DuPont mwaka 1958. Kabla ya hapo gauni lilikaa mwilini kwa sababu aliyelikata alijua kiuno kiko wapi: mikunjo ya kubana chini ya kifua, mshono wa kiuno uliopimwa, zipu ya chuma ubavuni upande wa kushoto. Mtengenezaji akiweka kitambaa kinachovutika, anajiondolea kazi hiyo yote, na gauni linakaa kama fulana ndefu yenye kola. Ligeuze nje ndani kabla hujalipa, au omba picha ya ndani. Mshono wa pembeni ukiwa na nafasi ya kuachia, pindo likiwa na inchi mbili au tatu kwa sketi iliyonyooka, vifungo vimevikwa kitambaa, basi kuna mtu aliyefikiri. Pindo la nusu inchi lililokimbizwa kwa mashine, na zipu ya nailoni iliyofichwa mgongoni, ni nguo ya mwaka huu iliyovishwa maua ya zamani. Hilo si kosa, mradi bei yake iwe ya nguo ya mwaka huu.

Wengine wanasema acheni nakala, mitumba imejaa za kweli. Nimechambua marobota ya kutosha kujua kwamba sehemu kubwa ya kinachofika masoko ya Gikomba au Karume ni nguo za miaka ya karibuni. Gauni la 1950 linapotokea ni bahati, na bahati haivalishi wiki nzima. Tena nguo zilizobaki haziwakilishi zilizovaliwa. Gauni la kazi lilivaliwa mpaka likaisha, likakatwa kuwa matambara. La sherehe, tena la msichana mwembamba aliyelivaa mara moja, ndilo lililokaa sandukuni. Ndiyo maana mwenye mwili wa kawaida wa mtu mzima anazunguka bila kupata kitu. Na hata ukilipata, angalia kwapani kwanza: jasho la miaka 70 iliyopita huila hariri na rayoni mpaka inapasuka ukiinua mkono. La asili nalihifadhi kwa heshima. La kupandia daladala nataka jipya.

Kuhusu namba sitakaa sana. Mtu anasema yeye ni 12, kaagiza 12, gauni halikupita mabegani, basi watengenezaji ni wezi. Namba si kipimo. Kwenye bahasha za karatasi za kukatia nguo za Marekani zinazouzwa leo, 12 ni kifua inchi 34, kiuno inchi 26 na nusu, nyonga inchi 36, na mwanamke huyo huyo akiingia duka la nguo la kawaida hukohuko atapewa namba ndogo zaidi. Kampuni hizo zilibadilisha vipimo vyake mwishoni mwa miaka ya 1960, kwa hiyo hata 12 ya bibi si 12 ya mama. Jipime kwa futi ukiwa umevaa sidiria na gagulo utakalovalia gauni hilo, kisha soma jedwali la mtengenezaji husika kwa inchi.

Dai linaloharibu zaidi manunuzi ni kwamba mtindo wa zamani ni madoadoa, matunda ya cheri, na sketi pana kama mwavuli. Wauzaji wengi wanauza picha hiyo, na wanunuzi wanaamini wamepata miaka ya 1940. Tazama Uingereza ya vita: mgao wa nguo ulianza tarehe 1 Juni 1941, kila mtu akiwa na kuponi 66 kwa mwaka, na gauni moja la sufu lilikula 11. Serikali ikaweka mipaka ya marinda na vifungo, na nguo za mpango wake wa bei na ubora uliodhibitiwa zikawa na alama ya CC41. Gauni la kweli la 1943 kwa hiyo ni jembamba, sketi inaishia chini kidogo ya goti, na urembo wote uko mabegani na kwenye mkato. Sketi zilizomeza mita na mita za kitambaa zilikuja na Christian Dior mjini Paris Februari 1947, na ziliwakasirisha watu kwa sababu mgao ulikuwa bado haujaisha. Na hata miaka ya 1950 haikuwa ya sketi pana peke yake. Kufikia 1957 Balenciaga alikuwa akiuza gauni lisilo na kiuno kabisa. Muuzaji anayekuandikia “miaka ya 1940” chini ya sketi ya duara kamili hajui anachouza, na asipojua mwaka hatajua mkato.

Viatu vinahitaji nafasi yake, maana hapa dharau ni kubwa zaidi: eti kiatu ni kiatu, nani ataangalia miguu? Kila mtu anaiangalia. Gauni la 1942 juu ya mchuchumio mwembamba linavunjika, kwa sababu kisigino kile chenye chuma ndani kilienea katikati ya miaka ya 1950. Cha miaka ya 1940 ni kinene, kimesimama sawasawa chini ya kisigino cha mguu, na unaweza kukitembelea siku nzima. Soli nene za kipande kimoja nazo zina historia inayotugusa. Italia ilipoivamia Ethiopia mwaka 1935 na kuwekewa vikwazo, Salvatore Ferragamo wa Florence alikosa chuma kizuri cha kutilia ndani ya viatu vyake, akageukia koki kutoka Sardinia. Kutokana na uhaba huo ukazaliwa mwaka 1938 ile sandali ya rangi za upinde wa mvua, ambayo kampuni yake yenyewe imeitengeneza upya.

Viatu ndivyo ninavyoviona havina mjadala: nunua vipya. Ngozi ya zamani hukauka, gundi huachia, na unyayo wa ndani una umbo la mguu wa marehemu. Vingi viliuzwa kwa urefu na upana, herufi AA ikiwa ya mguu mwembamba ambao wengi wetu hatuna. American Duchess wa Reno, Nevada, na Remix wa Los Angeles wamejijengea jina kwa kutengeneza viatu vya mikato hii upya. Ukiagiza popote, omba picha ya ubavuni na picha ya chini. Ya ubavuni itakuonyesha kisigino kimekaa wapi na kama pua imeinuliwa kwa soli nene iliyofichwa, mtindo wa majuzi tu. Ya chini itakuonyesha kama ncha ya kisigino inaweza kubadilishwa na fundi viatu wako.

Limebaki la bei. Ndiyo, gauni kutoka kwa mshonaji mdogo kama Vivien of Holloway wa London, pamoja na usafirishaji na ushuru, ni pesa nyingi, na sitamwambia mtu akope kwa ajili yake. Lakini wanaotumia bei kama hoja ya kumaliza mjadala wanasahau kwamba tumezungukwa na mafundi cherehani. Butterick, Simplicity na Vogue wamechapisha upya karatasi zao za zamani za kukatia nguo. Maarufu kuliko zote ni gauni la Butterick la 1952 linalofungwa kwa kuzungushwa, ambalo lilitangazwa kuwa rahisi kiasi kwamba ungeanza kulishona asubuhi na kutoka nalo mchana. Toleo jipya, namba B4790, linalalamikiwa na wengi kwa kupwaya kifuani na mgongoni. Mpe fundi marekani ya bei ndogo alishone kwanza, ulivae, abane mabega na kushusha kiuno palipo kiuno chako. Kitambaa chako kizuri kikatwe baada ya hapo.