Siri na daftari

KUTOKA ISEVYA
Na Ramadhani Kasanda

Ingia kibanda chochote cha wakala hapa Isevya ukatoe pesa. Utasogezewa daftari, kalamu imefungwa uzi: jina, namba ya simu, kiasi, sahihi. Ukiandika, jicho linapanda lenyewe mstari wa juu, nawe unajua jirani yako katoa laki tatu jana. Aliyesimama nyuma yako anasoma wako.

Ndiyo maana vijana wakiniambia wanataka Bitcoin kwa sababu ya siri, siwacheki. Si kila anayeficha pesa anauza unga. Wengine wanawakwepa mashemeji. Ila Bitcoin nayo ni daftari, tena limeachwa wazi dunia nzima: kila muamala tangu 2009 umo. Kinachofichwa ni jina tu. Mmarekani Ross Ulbricht aliitegemea siri hiyo kuendesha Silk Road, soko la dawa za kulevya ndani ya mtandao wa siri wa Tor, hadi FBI walipomkamata maktabani San Francisco, Oktoba 2013, kompyuta ikiwa wazi mbele yake. Miamala ile ikageuka ushahidi. Wanaotaka giza totoro wamehamia sarafu nyingine, Monero, ambako hata kiasi hakionekani.

Giza hilo silitaki, maana biashara husimama juu ya jina. Misafara iliyopita Tabora hii iliendeshwa kwa mkopo. Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe na watumwa, alikopeshwa na tajiri Taria Topan wa Unguja, akazama bara kwa miaka, na dhamana kubwa ilikuwa jina lake. Upatu wa DECI ulipoanguka 2009, waliopanda mbegu, yaani pesa zao, walilia, lakini viongozi wake walijulikana kwa majina na wakaonekana kizimbani katika mahakama ya Kisutu. Ukimtumia tapeli Monero, hakuna namba ya huduma kwa wateja ya kuomba muamala urudishwe, wala sura ya kumwonyesha polisi.

Na serikali? Novemba 2019 Benki Kuu ilitangaza sarafu hizi za kidijitali si halali nchini. Juni 2021 Rais Samia, akiwa Mwanza, akaitaka benki hiyo ijiandae nazo. Julai 2024 ikaanza kodi ya zuio ya asilimia 3 kwenye mali za kidijitali. Kwenye kukata kodi tumekuwa wepesi! Basi anayewabadilishia watu sarafu hizi kwa shilingi kwenye magrupu ya WhatsApp apewe leseni, awe na jina na ofisi, kama mwenye duka la fedha za kigeni. TRA wanataka kumjua ili wamkate. Benki Kuu nayo imjue ili mteja aliyeibiwa apate pa kwenda.