Kabla ya Kununua Kitiririshi, Uliza Muziki Wako Unaishi Wapi

Jirani yangu hapa Nyamasaria ni mwalimu mstaafu ambaye mtaa mzima humwita Japuonj, na ambaye kwa zaidi ya miaka arubaini amekusanya santuri za benga kama wenzake walivyokusanya ng'ombe. Juzi alibisha hodi kwangu akiwa na karatasi aliyoandikiwa na mwanawe anayefanya kazi ughaibuni. Palikuwa na majina manne ya mitambo na swali moja: mzee achague upi, mwana aununue na kuutuma? "Nyathina," akaniambia, "wewe ndiwe daktari. Nisomee cheti hiki." Nikamjibu kwamba mimi ni daktari wa lugha, Baba, wala si wa mitambo. "Basi hii nayo ni lugha," akasema, "kwa maana nimeisoma mara tatu na sikuambulia kitu."

Ndugu msomaji, mitambo iliyotajwa ni ile inayopokea muziki kutoka kwenye intaneti, au kutoka hifadhi iliyo nyumbani, na kuupeleka kwenye amplifaya na spika ulizo nazo tayari. Sijakutana na jina lake la Kiswahili lililokubaliwa na wengi. Madhali kitenzi kutiririsha kimekwisha kuzoeleka katika jambo hili, nami nitauita kitiririshi, kwa kanuni ile ile ya uundaji wa maneno iliyotupa kiunganishi na kivumishi. Ama mtambo mzima wa sebuleni, huo nitauita stirio, kama wauitavyo mafundi wa Kibuye. Maana jina lake jingine la Kiingereza likiandikwa kwa hijai zetu husomeka "haifai", nami sipendi kumharibia mtu biashara.

Karatasi ya Japuonj ilisifu mitambo hiyo kwa tarakimu: biti 24, kilohezi 192, na nyingine zilizonipita kimo. Tarakimu hizo zina maana yake, ila si kwa mzee wetu. CD ya kawaida hupima sauti mara 44,100 kwa sekunde, na kipimo hicho chatosha kubeba sauti yoyote iliyo chini ya hezi 22,050. Sikio la kijana mwenye afya hukoma karibu na hezi 20,000. La mzee aliyepita miaka sabini hukoma mapema zaidi, na la abiria wa kila siku wa matatu zetu za barabara ya Nairobi, sijui. Santuri ya miaka ya 1970, iliyorekodiwa kwa mkondo mmoja wa sauti na kuchezwa kwa sindano butu katika kila arusi na kila matanga, haina siri inayongojea kilohezi 192 ili ifichuke. Kigeuzi kilicho ndani ya vitiririshi vya bei ya wastani, yaani kile kifaa kinachogeuza tarakimu kuwa sauti, kinatosha kabisa. Fedha itakayobaki na iende kwenye spika.

Swali la kwanza, kwa maoni yangu, si la sauti. Ni hili: muziki uupendao unaishi wapi, na ni nani aliyeshika ufunguo wa mlango wake?

Tulifanya jaribio dogo. Tulichukua rundo moja la santuri za mzee na kuzitafuta, moja baada ya nyingine, kwenye huduma mbili za muziki wa kulipia kwa simu yangu. Chache zilionekana, nyingi hazikuonekana, na kati ya zilizoonekana kadhaa zilikuwa zimefichwa nyuma ya majina ambayo mwenyewe asingeyabuni. Ochieng' ameandikwa kwa kibainishi pahali pamoja na bila kibainishi pahali pengine, na mashine isiyojua kwamba ng' ni sauti moja humchukulia kuwa watu wawili. Kabaselleh, jina linalomkumbusha msikilizaji Joseph Kabasele wa Kongo, lina tahajia nyingi kama wachapishaji wake. Marehemu Daniel Owino Misiani, mzaliwa wa Shirati upande wa Tanzania aliyefariki katika ajali ya barabarani mjini Kisumu mwaka 2006, mara ni D.O., mara ni Daniel Owino, mara ni Shirati Jazz bila yeye. Tena Kijaluo kina vokali tisa zinazoandikwa kwa herufi tano tu, na toni zake haziandikwi kabisa, hivyo hata jina la wimbo lililoandikwa sawasawa laweza kumpotosha asiyeijua lugha. Mtafutaji wa London au wa California hana habari na hayo yote. Yeye hutia kila kitu katika kapu moja aliloliita "muziki wa dunia", utadhani wake unatoka mwezini.

Wala asiniambie mtu kwamba hili ni shughuli ya wataalamu wa lugha wasio na kazi. Jina lililo kwenye kibandiko cha santuri ndilo ambalo ulimwengu husoma. Huko Zimbabwe, benga ilijulikana kwa jina la "kanindo", si kwa sababu ya mwanamuziki yeyote, bali kwa sababu Phares Oluoch Kanindo ndiye aliyekuwa mtayarishaji na msambazaji wa santuri hizo na jina lake ndilo lililochapishwa juu yake. Msambazaji akageuka kuwa aina ya muziki! Kanindo angalau alikuwa mtu wetu na alijua alichokuwa akiuza. Leo vibandiko vinaandikwa na mtu asiyejulikana, na msikilizaji anayelipa ada kila mwezi hana kalamu ya kuvisahihisha.

Lipo na suala la pande mbili. Wale waliolelewa na santuri ndogo za inchi saba wanakumbuka kwamba wimbo wa benga mara nyingi ulikatwa katikati: sehemu ya kwanza upande huu, sehemu ya pili upande wa pili. Upande wa kwanza ndiko kuliko maneno. Upande wa pili waimbaji hunyamaza pole pole, magita yakashika usukani, na hapo ndipo vumbi hutimka. Mara nyingi huduma za intaneti zimezirithi sehemu hizo kama nyimbo mbili zisizojuana. Ukiuachia mtambo uchanganye nyimbo utakavyo wenyewe, utasikia harusi ya mtu ikikatizwa kabla ya bibi arusi kufika, na saa mbili baadaye ngoma ikaanza bila utangulizi wowote. Nilipomchezea Japuonj hivyo alinitazama kama mwanafunzi aliyesoma ukurasa wa mwisho kabla ya wa kwanza.

Naam, ufunguo. Miaka michache iliyopita mimi mwenyewe nilinunua kijisanduku cha aina hii kwa fedha si haba. Kilifanya kazi vizuri hadi asubuhi moja programu yake ilipokataa kufunguka, na walionitengenezea wakanijibu kwa adabu kwamba muundo huo hauhudumiwi tena. Spika zilikuwa nzima, amplifaya nzima, kijisanduku chenyewe kikiwaka taa. Yangu si ajabu. Google ilileta Chromecast Audio mwaka 2015 na kuacha kuitengeneza Januari 2019. Kisha Machi 2025 cheti kimoja cha utambulisho kilichomo ndani yake kilimaliza muda, na vifaa majumbani mwa watu vikagoma kwa siku kadhaa mpaka kampuni iliporekebisha. Linganisha na Squeezebox ya Logitech. Nayo iliachwa mwaka 2012, na huduma yake ya mtandaoni ikafungwa mwaka 2024. Lakini programu yake ya kuhifadhi na kugawa muziki nyumbani ilikuwa wazi kwa yeyote kuiendeleza, na wapenzi wake wanaiendeleza hadi leo kwa jina la Lyrion. Mitambo miwili, yote miwili ilitupwa na waundaji wake. Mmoja ulitegemea rehema ya mwenyewe, mwingine ulikuwa na mahali pa kukimbilia.

Kwa hiyo nilimshauri Japuonj ayafute majina mawili kati ya manne kwa kigezo kimoja tu: je, intaneti ikikatika usiku wa leo, mtambo huu utacheza chochote? Ule usioweza kusoma flashi, diski, au hifadhi iliyo kwenye kompyuta ya nyumbani, hata ukiwa na sauti ya malaika, si wa mtu mwenye santuri zake. Kwa kijana mwenye subira, kompyuta ndogo ya Raspberry Pi, iliyozinduliwa Uingereza mwaka 2012, pamoja na programu za bure, hufanya kazi hiyo hiyo kwa gharama ya chini. Japuonj hana subira hiyo, na sikumlaumu.

Nakubali kwamba wapo watakaonipinga. Watasema kila kitu kipo YouTube, na kwamba santuri ni maradhi ya wazee. Ni kweli kwamba watu wema wamepakia huko benga nyingi, nami nimeisikiliza na kushukuru. Ila kilichopakiwa na mtu nisiyemjua chaweza kuondolewa kesho na mtu nisiyemjua vile vile. Watasema pia kwamba huduma za kulipia zinawapa wasanii walio hai kijisehemu cha riziki. Hilo nalikubali bila kinyongo, na ndiyo maana sijafuta yangu: nyimbo za vijana wa leo nazitafuta huko. Spotify ilifika Kenya Februari 2021, Boomplay na Mdundo zilitangulia, na si haba kuwa nazo. Ila uzihesabu gharama zake. Muziki unaotiririka kwa kilobiti 320 kwa sekunde hula takriban megabaiti 144 kwa saa. Saa tatu kila jioni ni karibu gigabaiti 13 kwa mwezi. Ukitaka ubora wa CD, hata ukibanwa, zidisha mara mbili na zaidi. Aliyeunganishiwa intaneti ya waya hatahisi kitu. Anayenunua bando kwa siku atahisi.

Linganisha hayo na rundo la mzee. Santuri ya inchi saba, pande zote mbili, ina kama dakika nane za muziki. Kwa kipimo cha CD dakika moja hula takriban megabaiti 10. Santuri 200 basi ni gigabaiti 16, na zikihifadhiwa katika muundo wa FLAC, usiopoteza chembe ya sauti, hupungua hadi karibu nusu. Umri mzima wa kukusanya unaingia kwenye flashi isiyozidi kidole gumba, na nafasi inabaki. Nasema haya kwa mtu anayenakili mali yake kwa masikio ya nyumba yake. Simpendekezei yeyote kibanda cha kuuza jasho la mwenzake.

Machache ya vitendo. Amplifaya ya zamani ina matundu mekundu na meupe nyuma yake. Waya wa kitiririshi uchomekwe palipoandikwa AUX, au TAPE ikiwa mashine ya kanda ilikwisha kufa, kama zilivyokufa nyingi. Usichomeke palipoandikwa PHONO: mlango huo ulitengenezwa kwa sauti hafifu ya sindano ya santuri, huikuza kupita kiasi na kuongeza besi, na utasikia mngurumo wa lori lililokwama Ahero. Mvua ikianza kunguruma upande wa ziwani, chomoa kila kitu ukutani.

Sababu ya mwisho ndiyo iliyonifanya nichukue kalamu. Mafaili ya nyumbani yana nafasi ya kuandikwa majina: ya bendi, ya mtunzi, ya mpigaji, ya mwaka. Kitiririshi kizuri huyasoma na kuyaonyesha kama yalivyoandikwa, kibainishi na yote. Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, ilipotoa mwaka 2008 kitabu cha Retracing the Benga Rhythm pamoja na CD na DVD, ilionyesha jinsi kazi hii inavyofanywa na watu wanaojali. Vyuo vikuu vya kanda hii ya ziwa, nikiwemo mimi ninayelipwa mshahara na kimojawapo, havijafanya hata robo yake. Santuri nyingi hutaja bendi na mtunzi, basi. Majina ya waliopiga magita yamo vichwani mwa watu kama Japuonj, na kila mwaka tunazika baadhi ya vichwa hivyo. Maji yalipoingia katika nyumba kadhaa za mtaa wetu, santuri za mzee ziliponea chupuchupu juu ya kabati, lakini majalada mengi, aliyokuwa ameyaandika kwa mkono wake, yalioza.

Mtambo ulifika, tukauchomeka TAPE. Jumamosi tulianza kunakili. Santuri ya kwanza tuliiunganisha pande zake mbili kuwa faili moja, kisha nikaketi kwenye kompyuta na mzee akawa ananitajia: gita la kwanza fulani, la pili fulani wa kutoka Gem, muitikiaji fulani. Alipofika kwa mpiga besi akasita. Alilijua jina la utani tu. Akampigia simu rafiki yake wa Homa Bay waliyesoma naye chuo cha ualimu, ambaye alikuwa akicheza nao dansi enzi hizo. Simu ililia mpaka ikakatika. Nafasi hiyo tumeiacha wazi, na Jumamosi ijayo tutampigia tena.