Kinga Njaa Iingie Makumbusho

Mkulima wa Kasulu akishayakausha mahindi yake na kuyafunga kwenye mfuko wa kinga njaa, hana haja tena ya kuchanganya dawa. Mfuko una matabaka matatu: mawili ya ndani ni plastiki nzito, la nje ni kiroba cha kawaida. Wadudu waliofungiwa humo huitumia hewa iliyobaki mpaka oksijeni inapungua mno. Wanaacha kula, wanakauka, wanakufa. Mlaji naye hali sumu.

Ukishuka hadi Ujiji, Kigoma, kwenye Makumbusho ya Dk. Livingstone, swali linakuja lenyewe: mbona gunia la mahindi linatunzwa kwa akili kuliko ngoma na kigoda? Adui ni wa ukoo mmoja. Dumuzi, mdudu wa mahindi ambaye wakulima walimpa jina la Scania alipobainika Tabora mwanzoni mwa miaka ya 1980, anatoka katika jamii ya wadudu watoboa mbao. Bungua wengi wanaomwaga unga laini chini ya kigoda ni binamu zake. Tundu tunaloliona juu ni mlango wa kutokea tu. Buu lilikwishakaa ndani miezi, pengine miaka, likila.

Ndiyo maana dawa ya kupuliza haifui dafu: inaishia juu ya mbao. Zamani makumbusho mengi duniani yalipaka aseniki na DDT, na hadi leo baadhi ya vifaa hivyo havishikwi bila glavu. Gesi ya methili bromidi ilipenya hadi ndani, lakini huharibu tabaka la ozoni. Itifaki ya Montreal ikaweka 2015 kuwa mwisho wa matumizi yake ya kawaida katika nchi zinazoendelea.

Njia ya kuwanyima wadudu oksijeni haina sumu. Kifaa hufungwa katika mfuko wenye tabaka la aluminiamu, kisha huingizwa naitrojeni, au huwekwa vipakiti vya unga wa chuma ambao hufyonza oksijeni unaposhika kutu. Hewa ya kawaida ina oksijeni asilimia 21. Humo hushushwa chini ya nusu ya asilimia moja na kuachwa hivyo kwa wiki kadhaa. Mdudu huacha matundu yake ya kupumulia wazi akitafuta hewa, na maji ya mwilini yanamtoka. Joto huharakisha kifo hicho. Penye baridi, wahifadhi hulazimika kupasha chumba. Kigoma joto ni la bure.

Hoja za kupinga zipo, na si za kupuuzwa. Mfuko wa mkulima wenyewe hautoshi: kwenye mahindi, wadudu wengi humaliza oksijeni wenyewe, lakini kigoda chenye mabuu matatu hakiwezi, na plastiki ya kawaida hupitisha hewa kidogo kidogo. Mifuko maalumu na vipakiti vitanunuliwa. Rangi chache, bluu ya Prussia mojawapo, hupauka zikikosa oksijeni. Zaidi ya yote, njia hii haiachi kinga. Kigoda kikitolewa mfukoni Jumatatu, bungua mwingine anaweza kutaga Jumanne. Na mchwa hupanda kutoka ardhini. Nyumba haifungwi mfukoni.

Hata hivyo naiunga mkono, kwa sababu ya udogo wa makumbusho yetu. Penye maelfu kwa maelfu ya vifaa panahitajika vyumba maalumu na mitambo. Makumbusho ya kiasi cha Ujiji yanaweza kuanza na mifuko michache, kifaa kimoja baada ya kingine, tena hata bila mtungi wa gesi. Njia ya kati ya misafara ya watumwa na pembe, inayoishia Ujiji, imo katika orodha ya awali ya Urithi wa Dunia tangu 2006. Hatuwezi kuiombea heshima hiyo huku ushahidi wake ukigeuka unga.

Kwa hiyo mpangilio uwe huu: dawa ibaki kwenye msingi wa jengo, kuzuia mchwa, sakafu ifagiwe na unga mpya utafutwe kila wiki, kila kifaa kinachoingia kikae kwanza karantini ndani ya mfuko. Wanaopanga bajeti ya malikale waanze na mifuko, vipakiti, kipimo cha oksijeni na mafunzo ya watumishi wa Ujiji, kabla ya kuagiza dawa nyingine ya kupuliza.