Kaa jikoni mpaka maharage yaive



Leo sisemi habari za mbegu wala mbolea. Nenda jikoni kwako. Tazama juu, penye paa. Unaona masizi meusi yananing'inia? Masizi hayo yametokana na moshi. Moshi huo huo mama anauvuta kila siku, asubuhi na jioni, na mtoto yuko mgongoni.

Moshi wa kuni hauwashi macho tu. Unaingia mpaka ndani ya mapafu. Mtoto mdogo anayeuvuta hupata nimonia kwa urahisi zaidi. Mama mjamzito anayeuvuta anaweza kuzaa mtoto mwenye uzito mdogo. Mimi ni bwana shamba, si daktari. Lakini nimeingia katika majiko mengi, na nimetoka nikikohoa.

Mwaka 1973 wazazi wetu walikuwa na kampeni ya Mtu ni Afya. Walikaa katika vikundi, wakasikiliza redio, wakajadiliana. Kisha walichimba vyoo na kufukia madimbwi ya mbu. Sasa kazi imefika jikoni. Mwezi Mei 2024 Serikali ya Tanzania ilizindua mkakati wa nishati safi ya kupikia. Lengo lake ni kwamba ifikapo mwaka 2034, watu 80 katika kila watu 100 wawe wanapika kwa nishati safi. Nishati safi ni kama gesi, umeme, au bayogesi ya kinyesi cha ng'ombe. Wakala wa Nishati Vijijini, REA, umesambaza vijijini mitungi ya gesi ya kilo 6 kwa bei ya ruzuku. Maana yake, serikali inalipa sehemu ya bei.

Uliza kwa mtendaji wa kijiji chako kama mitungi hiyo inafika kwenu. Ukiipata, chukua. Lakini jua jambo moja. Ruzuku hiyo ni ya kuupata mtungi. Gesi ikiisha, kuijaza tena ni fedha yako. Katika nyumba moja niliona mtungi umewekwa chumbani, umefunikwa kitambaa cha kufuma kama redio. Gesi iliisha zamani. Mama alikuwa nje, amerudi kwenye mafiga matatu.

Simcheki mama yule. Fedha ya mazao anaishika baba, na baba hapiki. Basi baba, nakuomba ufanye jambo hili. Siku moja ingia jikoni, funga mlango kama mvua inanyesha, ukae hapo mpaka maharage yaive. Ukitoka, utajua kama fedha ya gesi ni nyingi au ni kidogo.

Kama gesi bado haijafika, au fedha haipo, usikae kusubiri. Kuni mbichi ndizo zenye moshi mwingi. Moto unahangaika kwanza kukausha maji yaliyo ndani ya kuni. Pasua kuni ziwe nyembamba, zianike, kisha zipange mahali pasiponyeshewa. Maharage yaloweke usiku kucha, uyamwage maji yale, ndipo uyapike. Funika sufuria. Kwa hayo tu kuni zitapungua, na mama hatakwenda porini mara nyingi kama zamani.

Kisha jenga jiko la udongo. Mafiga matatu yanatupa joto pande zote, upepo unalichukua. Tafuta udongo wa kichuguu. Uponde, uchanganye na majani makavu yaliyokatwakatwa au pumba za mpunga, ili usipasuke. Ukande kwa miguu mpaka ulainike. Weka katikati sufuria unayoitumia sana, ujenge ukuta kuizunguka. Kati ya ukuta na sufuria acha nafasi ya upana wa kidole kimoja. Nafasi ikiwa kubwa, joto litakimbia. Ikiwa haipo kabisa, moto utazimika. Mbele acha mlango mdogo wa kuni. Ndani tengeneza vinundu vitatu vya udongo vya kubeba sufuria.

Jiko hili linapunguza kuni, lakini halimalizi moshi. Kwa hiyo toboa dirisha ukutani, mkabala na mlango, ili hewa ipite. Juu kabisa, karibu na paa, acha tundu la kutolea moshi. Ukiweza kujenga bomba la moshi, lipite juu ya paa. Kama paa ni la nyasi, bomba lisiguse nyasi hata kidogo.

Jambo jingine nalisema kwa ukali. Usiingize jiko la mkaa katika chumba cha kulala, hata kama baridi ni kali. Mkaa unatoa hewa ya sumu isiyonuka wala kuonekana. Watu hulala wakiwa wazima, asubuhi wanakutwa wamekufa. Na ukisikia harufu ya gesi, usiwashe kiberiti. Funga mtungi, fungua milango, toka nje.

Jiko lako jipya lisikauke kwa haraka. Lifunike kwa gunia lenye unyevu siku za mwanzo, kisha liache kivulini. Likipata ufa mdogo, ziba kwa udongo ule ule. Baada ya wiki mbili au tatu washa moto mdogo. Siku hiyo pika uji, maana uji hauhitaji moto mkali.