Mfumo "wa kasi", kasi ya nani?

Wadau, mnalikumbuka sakata la Lugumi? Mwaka 2011 Jeshi la Polisi liliingia mkataba wa shilingi bilioni 37 na kampuni ya Lugumi Enterprises, mashine za kutambua alama za vidole zifungwe kwenye vituo 108. Ripoti ya CAG ya mwaka wa fedha 2013/14 ikaanika kwamba karibu hela yote imeshalipwa, ila vituo vilivyofungiwa mashine ni 14 tu. Bunge lilipolivalia njuga suala hilo mwaka 2016, mtaani swali likawa moja: nani kala?

Swali zuri. Ila kuna la pili: kwenye kazi za kompyuta, kazi "imekamilika" lini? Maboksi yakishushwa? Mashine zikifungwa? Au askari akimwekesha mtu kidole na jibu likatoka?

Jirani zetu Kenya nao yaliwakuta. Uchaguzi wa tarehe 4 Machi 2013, kompyuta za kutambua wapiga kura zilizima vituo vingi, betri zimekwisha, na madarasa kibao hayana umeme. Kompyuta inayowaka ofisini Nairobi si lazima iwake darasani lisilo na soketi.

Sasa tuje kwetu. Vijana wengi hapa Moshi wanaandika programu za SACCOS na mashule. Mkataba unasema mfumo uwe "wa kasi na wa kuaminika". Basi! Siku ya malipo ya mwisho mwenyekiti anasema bado unasuasua, kijana anasema mbona kwangu unaruka. Wote wakweli, na hela haitoki.

Ajabu ni kwamba mji huu unajua kupima. Kwenye mnada wa kahawa hakuna anayenunua "kahawa nzuri". Kuna daraja, AA mpaka chini, kuna kilo, na sampuli inaonjwa kabla ya bei. Kwa nini programu iuzwe kwa sifa tupu?

Mfano, SACCOS ya Marangu iandike hivi: kwenye kompyuta yetu hii hii, wahudumu watano wakiitumia kwa pamoja, akaunti ya mwanachama ifunguke ndani ya sekunde 3, mara 95 kati ya 100. Umeme ukikatika, muamala uliokwishahifadhiwa usipotee. Kipimo kifanyike siku 10 za kazi, mhasibu akiwepo. Mtandao ukiwa mbovu, ni mzigo wa nani? Iandikwe.

Na kama mmeshasaini? Usikisie. Andika barua: "Mimi neno kasi nalielewa hivi", weka namba, kisha pande zote mbili zisaini iwe nyongeza ya mkataba. Kimya cha mteja si kukubali.

Kuna wanaosema namba zitamfunga kijana. Mimi nasema zinamfungua, maana "bado unasuasua" haina mwisho, sekunde 3 zina mwisho. Tena Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, kifungu cha 29, inasema makubaliano ambayo maana yake haijulikani wala haiwezi kujulikana ni batili. Ukifika huko, wewe na mteja mnaweza kutoka mikono mitupu.

Wadau, nyie mikataba yenu inasemaje? Tiririkeni hapo chini.