Bahari Yapata Moto: Mvuvi Ana Haki Gani?

Ndugu wanachama, tunalolisema leo linawahusu wote wanaokula kwa jasho la bahari, tangu nahodha wa Kojani hadi mama wa Paje anayefunga mwani kambani wakati wa maji kupwa. Bahari yetu imezidi joto. Wataalamu wameipima Bahari ya Hindi ya ukanda wa joto, wakaona kwamba baina ya mwaka 1950 na 2020 maji ya juu yalikuwa yakipanda kwa mwendo wa digrii 1.2 za Selsiasi kwa karne. Asiyevua aweza kudhani kuwa hiyo ni kidogo. Lakini matumbawe yakikaa majuma machache katika maji yaliyozidi digrii moja tu juu ya joto la kawaida la kiangazi, huvitoa vijimea vinavyoyalisha, yakageuka meupe. Na joto lisipopungua, hufa.

Haya tuliyaona mwaka 1998. Inakisiwa kwamba mwaka ule asilimia 16 ya matumbawe ya dunia yaliangamia, na Misali, ambayo kila mvuvi wa magharibi ya Pemba anaijua, ilikuwa miongoni mwa mahali palipoumia sana. Mwaka 2016 joto likarudi. Mwezi wa Aprili 2024 wataalamu wakatangaza kwamba ugonjwa huo wa weupe umeenea duniani kwa mara ya nne. Jambo lijalo mara kwa mara namna hii halifai tena kuitwa ajali. Limekuwa majira, na majira hupangiwa kama tunavyopangia kusi na kaskazi.

Je, limepangiwa? Sera ya Uchumi wa Buluu ya mwaka 2020 imeyataja mabadiliko ya tabianchi, na sisi si watu wa kukana jambo la kweli kwa sababu limesemwa na Serikali. Lakini kutaja si kupanga. Mpango wa uvuvi ni ule unaosema mapema kwamba maji yakifika joto kadha, mwamba fulani utapumzishwa, kwa amri ya fulani, kwa siku kadha, na waliokuwa wakivua hapo watakula nini siku hizo. Mpango usio na neno hili la mwisho ni amri tupu. Nayo humwangukia mwenye ngalawa na dema peke yake, maana mwenye meli ya jodari humfuata samaki wake kokote aendako katika bahari kuu.

Tazameni yaliyoupata mwani. Kilimo chake cha biashara kilianza mwaka 1989 huko Paje na Jambiani. Mwani wa kotonii, wenye bei nzuri, ulistawi miaka kadhaa. Kisha maji ya pwani yakazidi joto, mwani ukapauka na kukatika kambani, na wakulima wakabakiwa na spinosamu, ambao bei yake ni duni. Dk. Flower Msuya wa Taasisi ya Sayansi za Bahari alionyesha njia ya kuulima kotonii mbali na ufuo, kwenye kina, ndani ya nyavu zilizoshonwa kama mirija. Njia ni njema. Lakini kwenye kina kunatakiwa chombo, na kunatakiwa mtu anayejua kuogelea, ilhali walimaji wa mwani wengi ni wanawake ambao hawakufundishwa kuogelea tangu utotoni. Basi dawa ilijulikana, lakini wengi hawakuifikia, na hasara ya miaka yote ile ikalipwa na akina mama hao kwa migongo yao. Laiti vyombo na mafunzo vingaliwekwa tayari tangu dalili za mwanzo, hasara isingalikuwa kubwa kiasi hicho.

Sasa tuje kwa pweza. Watu wa Kisiwa Panza wameonyesha kwamba mwamba ukifungwa kwa miezi mitatu hivi, pweza hukua, na siku ya kufungua kila mtu hupata. Hiyo ni hekima ya wananchi wenyewe nasi tunaisifu. Ila na hapo joto limeingia: mayai ya pweza huanguliwa upesi zaidi maji yanapokuwa moto, na pweza mwenyewe maisha yake ni mafupi, kama mwaka mmoja tu. Kalenda iliyofaa juzi huenda isifae kesho. Tarehe za kufunga na kufungua zifuate vipimo vya maji na uzito wa pweza wanaopatikana, wala zisiandikwe mara moja zikawa kama aya isiyogeuzwa.

Na mkate wa siku za kufunga? Huko Rodrigues, kisiwa kidogo kilicho chini ya Morisi, tangu mwaka 2012 uvuvi wa pweza umekuwa ukifungwa kisiwa kizima kwa miezi miwili, na serikali ya kisiwa ikawapa wavuvi kazi nyingine za ujira katika muda huo. Rodrigues si nchi ya mafuta wala dhahabu. Lililofanyika huko lisiambiwe kwamba kwetu haliwezekani.

Hatutaki kuwabembeleza wavuvi wetu. Wako miongoni mwetu wanaokokota juya juu ya majani ya bahari, na wanaotumia nyavu za matundu madogo wakavua tasi ambao hata hawajazaa mara moja. Tasi na pono ndio wanaokula majani yanayoota juu ya matumbawe yaliyokufa. Wakimalizwa, matumbawe machanga hayapati mahali pa kushika, na mwamba hauinuki tena. Kwa hiyo asisimame mtu diko lolote akasema kwamba kosa ni la joto tu, nyavu zake ziachwe. Wala Serikali nayo isisimame ikasema kwamba kosa ni la nyavu tu. Mambo mawili haya hushirikiana kumaliza samaki.

Tunataka Kamati za Uvuvi za Shehia ziwe na kura, si kiti cha kusikiliza tu, pale mipango ya Misali, Menai na Mnemba inapoandikwa upya. Tunataka kila bwana diko apewe kipima joto pamoja na daftari lake, na hesabu hizo zibandikwe dikoni zisomwe na wenye samaki, badala ya kufungiwa kabatini mjini.

Matawi ya pwani yasingoje kuletewa. Kila tawi lichague watu wawili wanaojua kuandika, na kila bamvua waandike samaki gani wamepatikana, wapi, kwa chombo gani, na samaki gani waliozoeleka hawakuonekana. Wazee waulizwe mahali walipokuwa wakivua zamani na miezi yake, nayo iandikwe pia. Madaftari yaletwe afisini kabla kaskazi haijaanza kuvuma.